Mbio za baiskeli za hatua tano Dodoma–Manyoni–Singida–Babati–Kondoa: njia, muda, magurudumu na msafara

Pedali_Nkuhungu ameuliza:

Wakuu, salaam.

Klabu yetu hapa Dodoma inaandaa mbio za barabarani za hatua tano, mwezi wa 7 mwakani. Timu 10 za watu 6, jumla waendeshaji 60. Tumezoea mbio za siku moja: filimbi inapigwa, wa kwanza kufika ndiye mshindi, watu wanakwenda kula. Za hatua, yaani za siku kadhaa ambapo muda wa kila siku unajumlishwa, ni habari nyingine, na tunataka kufuata utaratibu wa mbio za kulipwa kama Tour du Rwanda, ingawa mfuko wetu ni mwembamba.

Njia tuliyochora (umbali ni wa kukadiria):

Siku ya 1: Dodoma – Bahi – Kintinku – Manyoni, km 125
Siku ya 2: Manyoni – Ikungi – Singida, km 118
Siku ya 3: Singida – Katesh – Babati, km 165
Siku ya 4: Babati – Bereko – Kolo – Kondoa, km 95
Siku ya 5: Kondoa – Mayamaya – Dodoma, km 158

Maswali. Tuzunguke hivi au tugeuze, tuanze na Kondoa? Muda tutaupimaje bila kamera ya mstari wa kumalizia? (Mwenzetu anashauri tutumie pointi, tuachane na saa.) Miiba ya huku mnaijua, magurudumu ya akiba yapangweje? Na maji kiasi gani kwa watu 60?

---

Upepo_wa_Kusi amejibu:

Mkuu, watu wengi wakichora njia wanatafuta mlima. Kanda ya kati mwezi wa 7 tafuta upepo kwanza. Unatoka kusini-mashariki, na hushika kasi jua likipanda. Sasa chukua ramani uiwekee mshale huo uone kila siku yako inakuwaje.

Siku ya 1 mnaelekea magharibi na kaskazini kidogo, upepo uko mgongoni. Kundi litakwenda km 45 kwa saa bila jasho na hakuna atakayeachwa tambarare ya Bahi. Kitakachowatenganisha ni ukuta wa Bonde la Ufa baada ya Kintinku. Mnatoka kwenye mwinuko wa mita 800 na kitu na Manyoni iko zaidi ya mita 1,200. Wenye miili mizito wataachwa pale, lakini kwa kuwa upepo bado unasukuma, tofauti zitakuwa za sekunde tu.

Siku ya 2 ndiyo itakayoamua mashindano yenu, ingawa kwenye karatasi inaonekana ya kupumzikia. Manyoni hadi Singida mnakwenda kaskazini, upepo unawapiga ubavu wa kulia, na pale hakuna msitu wa kuwakinga. Kwenye upepo wa ubavuni kujificha nyuma kabisa ya gurudumu la mwenzio hakusaidii. Inabidi watu wajipange mshazari: wa mbele anakaa upande unakotoka upepo, yaani kulia, na wanaofuata wanajipanga kushoto-nyuma yake, kila mmoja akifichwa na bega la aliyemtangulia. Mshazari huo unaishia pale lami inapoishia. Aliyekosa nafasi anabaki kwenye ukingo wa kushoto, peke yake na upepo wake, na ndani ya kilomita tatu nne ameachwa.

Hapo ndipo uamuzi wenu wa barabara unapobadilisha mchezo wenyewe. Mkipewa barabara nzima, mshazari mmoja unaweza kubeba watu 12 hadi 15. Mkipewa nusu ya barabara, kama mita 3.25, wanaingia 6 au 7. Hesabu hiyo ni timu moja! Timu moja yenye akili inaweza kujaza njia, ikakanyaga dakika tano, na kuwaacha 50 waliobaki wakining'inia ukingoni. Hiyo si hila, mbio za kulipwa zinafanyika hivyo kila mwaka. Ila viongozi wote wa timu waambiwe usiku wa kuamkia siku hiyo kama ni nusu au nzima, maana anayejua peke yake ameshashinda.

Siku ya 3 upepo ni wa mbele-kulia na safari ni ndefu. Mtaona kundi limelala kilomita 100 za kwanza, na sioni haja ya kuwalaumu.

Siku ya 4 ni fupi na ndiyo nzuri kuliko zote: mnatoka Babati mkipanda kuelekea Bereko, mnapita vilima vya Kolo, mnashuka Kondoa. Usiirefushe. Hatua fupi yenye vilima inawafanya watu washambulie tangu bendera inaposhuka.

Siku ya 5 mnarudi kusini upepo ukiwa mbele-kushoto, km 158. Aliyechomoka peke yake hafiki. Mwenye jezi ya njano (anayeongoza kwa muda wa jumla) atakuwa salama na mtamaliza kwa mbio za kasi za kundi zima. Mkitaka siku ya mwisho iwe na vita, geuzeni mzunguko, lakini mkigeuza, siku ya kumalizia itakuwa Manyoni–Dodoma na upepo wa usoni mtupu, ambayo ni mbaya zaidi. Mimi nisingegeuza.

Wazo la kumalizia Iringa, kama kuna mtu atalileta: Dodoma–Iringa ni km 260, hakuna hatua ya hivyo. Mngeanzia Migori, km 95 kupitia Nyang'oro, na hiyo ni hatua ya mlima kwelikweli. Lakini kuhamisha watu 60 kwa basi km 165 asubuhi, halafu waendeshe? Iwe mashindano mengine.

---

Kamisaa_Pembeni amejibu:

Nianze na hilo la pointi ili tulizike. Tour de France yenyewe iliamuliwa kwa pointi kuanzia 1905 hadi 1912, na 1913 wakarudi kwenye muda. Kwa pointi, aliyefika wa pili nyuma kwa sekunde moja na aliyefika wa pili nyuma kwa dakika kumi ni sawa, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbiza mtu aliyekwisha kuchomoka. Kupima muda si kazi ngumu kama mnavyodhani, kwa sababu hampimi watu 60. Mnapima makundi.

Kanuni ni hii: wote waliofika katika kundi moja wanapewa muda wa mtu wa kwanza wa kundi hilo. Muda mpya unaanza pale panapokuwa na pengo la sekunde moja au zaidi kati ya gurudumu la nyuma la mtu wa mwisho wa kundi la mbele na gurudumu la mbele la mtu wa kwanza wa kundi linalofuata. Kwa kasi ya km 60 kwa saa, sekunde moja ni karibu mita 17 za lami. Kwa hatua za tambarare zinazotarajiwa kuisha kwa kundi zima, mbio za kulipwa huruhusu pengo la sekunde tatu, ili watu wasigombee nafasi kwa kuogopa pengo dogo. Nyie tumieni sekunde tatu siku ya 5, na moja siku nyingine zote. Iandikwe kwenye kanuni kabla ya siku ya kwanza.

Mfano. Siku ya 1 watu 9 wanafika pamoja, wa kwanza wao kwa 3:10:24. Wote 9 wanaandikiwa 3:10:24. Kundi la watu 14 linafuata, wa kwanza wao kwa 3:10:31, wa mwisho anavuka 3:10:33 bila pengo katikati. Wote 14 wanaandikiwa 3:10:31. Sasa bonasi za mwisho wa hatua, yaani sekunde wanazopunguziwa watatu wa kwanza, ni 10, 6 na 4. Namba 11 ameshinda: 3:10:14 kwenye jumla. Namba 34 wa pili: 3:10:18. Namba 52 yuko kundi la pili: 3:10:31. Kati ya 11 na 52 barabarani kulikuwa na sekunde 7, kwenye karatasi ni 17. Maana yake nani wa kwanza, wa pili na wa tatu ni jambo zito kuliko saa yenyewe. Mwaka 1989 Greg LeMond alimshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8 baada ya km 3,285. Bonasi moja iliyoandikwa kwa jina lisilo lake inatosha kabisa kugeuza mashindano ya km 661.

Vifaa. Saa mbili za kupimia zianzishwe pamoja bendera inaposhuka kilomita sifuri (mbio zinapoanza rasmi, si pale mjini mnapoondokea), na zishikwe na watu wawili wasiosimama pamoja. Simu mbili zenye uwezo wa picha 240 kwa sekunde, juu ya miguu mitatu, zitazame mstari moja kwa moja, kila moja upande wake wa barabara. Kwa km 60 kwa saa baiskeli inasogea kama sentimita 7 kati ya picha na picha, inatosha kwa karibu kila ubishi. Pale isipotosha, andikeni sare na bonasi za nafasi hizo mbili zijumlishwe zigawanywe. Hilo nalo liwe kwenye kanuni. Mwamuzi mmoja asome namba kwa sauti, mwingine arekodi. Asijaribu kuandika, watu 30 wakija kwa pamoja kalamu haitoshi.

Mstari: mweusi wa sentimita 4 katikati ya ukanda mweupe wa sentimita 72, rangi na si tepu. Tepu hung'oka, na ikilowa huteleza. Uzio mita 300 kabla ya mstari na 100 baada yake. Mita 200 za mwisho zinyooke. Magari yote ya msafara yatolewe barabarani kabla ya mstari kwa njia ya pembeni yenye mtu wa kuwaelekeza, maana dereva anayefuata watoro (waliochomoka mbele ya kundi) huwa anasahau kwamba na yeye anakwenda kwenye mstari.

Kanuni ya kilomita 3 msiiache. Aliyeanguka au kupata pancha ndani ya km 3 za mwisho anapewa muda wa kundi alilokuwa nalo wakati huo, hata akifika akitembea na baiskeli begani. Nafasi yake inabaki ile aliyofikia. Kanuni hii haitumiki kwenye hatua inayoishia mlimani, kwa hiyo mwamue mapema siku ya 1 inahesabiwa vipi.

Muda wa mwisho wa kukubaliwa: asilimia ya muda wa mshindi. Siku za tambarare wekeni asilimia 10, siku ya 4 asilimia 18. Mshindi akitumia saa 3, asilimia 10 ni dakika 18. Atakayezidi hapo kesho haanzi. Inaonekana ukatili, ila bila hiyo polisi hawawezi kufungua barabara. Jopo la waamuzi linaweza kumrudisha mtu kwa sababu maalumu, kwa mfano ajali.

Wakilingana kwenye jumla, na kwa kuwa hamna hatua ya mtu mmoja mmoja dhidi ya saa (ingewapa sehemu za sekunde), jumlisheni nafasi zao za kila siku; mwenye jumla ndogo yuko mbele. Bado sare? Aliyemtangulia mwenzake siku ya mwisho.

---

Fundi_Spoku amejibu:

Mbigili. Nimeona watu wanajadili upepo kana kwamba tairi zitafika salama.

Mwezi wa 7 mbigili zimekauka kwenye mabega ya barabara, na miiba ya migunga hudondoka palipokatwa kuni au palipopita mifugo. Kanuni ya kwanza haina gharama: wakati wa kusimama au kuacha njia, mwendeshaji abebe baiskeli, asiivute kwenye bega la udongo. Pancha nyingi za huku hutokea mtu akikojoa, si akikimbia.

Tairi: mm 28, si 25. Kwa mtu wa kilo 65 mbele wekeni upepo wa bar 4.3, nyuma 4.6. Wanaojaza bar 7 kwa kudhani wanakwenda kasi zaidi wanarukaruka kwenye lami ya kokoto na tairi lao linachomeka upesi. Rimu zisizo na ukingo wa ndani wa kushika tairi zisizidi bar 5 kamwe, zitatapika tairi kwenye mteremko wa kuingia Kondoa. Na msiamini geji ya kituo cha mafuta. Nunueni geji moja ya mkononi, ipime timu zote.

Wenye tairi zisizo na tyubu waweke dawa ya kuziba mililita 40 kila gurudumu, si 30 kama ilivyo kwenye maelekezo ya nchi za baridi, na waiweke siku tatu nne kabla ya mbio ili ijulikane kama rimu inavuja. Iliyowekwa tangu mwezi wa 4 imeshakauka, tikisa gurudumu usikilize; kama hakuna mlio wa maji, fungua. Wenye tyubu watie dawa hiyohiyo mililita 25 kwa kutoa kiini cha vali. Mbigili iliyokwama kwenye tairi lenye dawa isichomolewe barabarani. Ikiwa haivuji, endesha, itolewe jioni.

Magurudumu ya akiba ndiyo yanayoharibu mbio za kwetu. Mbio za kulipwa gari la msaada lina magurudumu ya kila aina, nyie hamtakuwa nayo. Kati ya baiskeli 60 mtakuta breki za diski na breki za rimu, ekseli ya mm 12 na ya kwiki (ya kufungua kwa mkono), kaseti (meno ya gurudumu la nyuma) za giya 9, 10, 11 na 12. Gurudumu la giya 10 kwenye baiskeli ya giya 11 litalia na kuruka meno hadi Singida. Fanyeni hivi: siku moja kabla, kila timu ilete jozi mbili za magurudumu yake, zibandikwe tepu yenye namba ya timu, aina ya breki, aina ya ekseli na idadi ya giya. Timu zenye vitu vinavyofanana ziunganishwe, zikubaliane kuazimana. Magurudumu yagawanywe magari mawili: moja linafuata kundi kuu, jingine linakwenda na watoro wakishapata dakika moja. Kaseti ya giya 10 ikikaa kwenye haba (kitovu cha gurudumu) ya giya 11 inahitaji washa ya mm 1.85 nyuma yake. Bebeni washa kumi, ni vitu vidogo vinavyopotea. Wenye diski wapime kama diski ya gurudumu la kuazima inagusa pedi, na kama inagusa wairekebishe jioni ile, siyo barabarani.

Mwenye pancha ainue mkono, asogee upande wa kushoto, aweke cheni kwenye jino dogo la nyuma kabla hajasimama. Hilo la mwisho linaokoa sekunde tano. Fundi asikimbie na gurudumu moja bila kuuliza, ni mbele au nyuma. Mkono wa kulia juu ni nyuma, wa kushoto ni mbele, mkikubaliana hivyo.

Matuta na rasta (vituta vidogo vya mfululizo). Hivi ndivyo vinavyoangusha watu kuliko kona. Mtu apite njia nzima kwa gari, aandike kila tuta na kila rasta kwa kilomita yake kwenye kitabu cha njia. Rasta za vijijini zinatoa chupa kwenye kishikio na chupa ya mtu wa kumi ndiyo inayomwangusha wa ishirini. Bana vishikio vya chupa viume, na funga usukani kwa spana ya kupimia, Nm 5. Wengi wanafunga kwa mkono, tuta la tatu usukani umeinama.

---

Pedali_Nkuhungu:

Shukrani sana wakuu, nimechapa yote haya na yatakwenda kwenye kikao. Mawili zaidi. Dodoma–Manyoni ni njia ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, polisi wameshaanza kuuliza mtaifunga vipi. Na jezi: tuwe na ngapi?

---

Msafara_Mbele amejibu:

Barabara haifungwi yote kwa pamoja, kinachofungwa ni kipande kinachotembea na mbio. Gari la mbele lenye bendera nyekundu linapita dakika 5 kabla ya mtu wa kwanza, gari la mwisho lenye bendera ya kijani linafungua. Kati yao hakuna gari lisilo la mashindano. Kwa lori linalokuja mbele yenu, hesabu ni nyepesi: dakika 5 za mbele, pengo la mtu wa kwanza na wa mwisho dakika 15 hadi 18, ziada 3. Linasimama dakika 25 hivi, nje ya lami, kisha linaendelea. Polisi wanakubali hilo.

Tatizo lenu ni gari linalokwenda njia moja na nyinyi. Kundi la kwanza linatumia saa 3 na dakika 10 hadi Manyoni, basi kwa km 80 kwa saa linatumia saa 1 na dakika 34. Ili lisiwafikie lizuiwe Dodoma kama saa 1 na dakika 36 baada ya nyinyi kuanza, ongeza mkia wenu dakika 18, ni karibu saa 2. Hakuna mkuu wa usalama barabarani atakayeweka saini hapo. Na mkiliachia mapema litakaa nyuma ya gari la mwisho, yatakuwa mawili, yatakuwa arobaini, na dereva wa arobaini hajui kuna baiskeli mbele. Ataanza kupita.

Kwa hiyo anzeni Bahi. Dodoma fanyeni sherehe na picha, panda basi km 55, kilomita sifuri iwe baada ya Bahi. Zinabaki km 70. Basi likizuiwa pale dakika 75 haliwafikii, na ukuta wa Kintinku bado mnao. Bendera ishuke saa 1:30 asubuhi, kabla ya saa 4 mmemaliza. Mabasi yanayotoka Dar alfajiri hufika Dodoma mchana, hamtakutana nayo.

Siku ya 2 tatizo ni lilelile na hakuna pa kufupisha bila kuua hatua ambayo mkuu wa upepo ameisifia. Pangeni vituo viwili vya kupitisha magari: mahali penye bega pana, kundi likiwa zima na halijakatika, kamisaa (mwamuzi wa mbio) anapunguza mwendo wa kundi, mbio zinabaki upande wa kushoto na pikipiki ya polisi inayaongoza magari kupita kwa foleni. Kundi likishakatika vipande msijaribu. Siku ya 3, 4 na 5 magari ni machache mno ukilinganisha, hizo msihangaike.

Mpangilio wa msafara: pikipiki za polisi, bendera nyekundu, mkurugenzi wa mbio, kundi, gari la kamisaa mkuu, daktari, gari la magurudumu, kisha magari ya timu kwa kufuata nafasi ya mtu wao bora kwenye jumla (siku ya 1 kwa kura), ambulensi, gari la kubeba walioshindwa, bendera ya kijani. Ambulensi ziwe mbili. Mkiwa nayo moja ikaondoka kwenda hospitali, mbio zinasimama, hamna mjadala. Pengo kati ya watoro na kundi likiwa chini ya dakika moja, gari lolote lisiingie katikati, hata la mgeni rasmi. Hasa la mgeni rasmi.

Kama mnakatiza reli popote kwa usawa wa barabara: watoro wenye zaidi ya sekunde 30 wakizuiwa na kundi likawafikia hapo, mbio zinasimamishwa na wanaachiwa tena na pengo lao. Chini ya sekunde 30 ni bahati mbaya yao.

---

Upepo_wa_Kusi:

Bahi sawa, sina ubishi. Ila kupunguza mwendo kupisha magari siku ya 2 kufanyike ndani ya km 40 za kwanza tu. Baada ya hapo mtu atakuwa ameshapanga shambulizi lake, na nyinyi mtakuwa mmempangia mapumziko mpinzani wake.

---

Chupa_na_Chumvi amejibu:

Maji. Julai si mwezi wa joto kali na asubuhi ya Dodoma ni baridi, watu hawasikii kiu, na hapo ndipo wanapokauka, kwa sababu hewa ni kavu na jasho halionekani. Wekeni mililita 600 kwa saa kwa kila mtu, 750 kuanzia saa 5 mchana. Siku ya 3, kwa mwendo wa km 37 kwa saa, ni saa nne na nusu: lita 3 mtu mmoja, chupa 6 za nusu lita, mbili anaondoka nazo. Kwa watu 60 chupa 240 za kutoa njiani. Gawanyeni sehemu mbili, Katesh na nyingine km 40 kabla ya Babati.

Mahali pa kutolea pawe na mpando mdogo, baada ya kijiji na si ndani yake, watoaji wasimame mita kumi kumi upande wa kushoto. Msitoe chochote km 30 za kwanza wala 20 za mwisho.

Kinywaji cha kutengeneza: maji lita 1, sukari gramu 80, chumvi robo kijiko cha chai. Chumvi hiyo ina sodiamu kama miligramu 590. Sukari ya kawaida nusu ni glukosi na nusu ni fruktosi, tumbo linaibeba vizuri kuliko glukosi tupu. Lengo ni gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa. Chupa moja ya nusu lita ni 40, ndizi ya kadiri ni 25, gramu 40 za zabibu kavu ni kama 30. Zabibu za hapa Dodoma zinatosha, hamna haja ya jeli za kuagiza, ila zifungwe kwenye karatasi ndogo zinazofunguka kwa meno. Karanga na juisi ya ubuyu nzito viwe vya jioni. Mafuta na nyuzinyuzi katikati ya hatua ni kumtafutia mtu kichaka. Ndani ya nusu saa baada ya kumaliza, wali au viazi na maji yenye chumvi, kabla ya kuoga na kabla ya hotuba. Mwili unaoanza kesho yake unajazwa leo.

---

Kamisaa_Pembeni:

Jezi tatu: njano ya jumla, ya milima, ya vijana chini ya miaka 23. Ya pointi za kasi iacheni mwaka huu, inahitaji waamuzi kwenye mstari wa katikati ya hatua kila siku na nyinyi hamna. Bonasi za njiani za 3, 2, 1 pia ziacheni kwa sababu hiyohiyo. Ya milima wekeni vilele viwili tu, juu ya Kintinku na Bereko, pointi 10, 8, 6, 4, 2, mwamuzi mmoja na simu moja kila kilele.

Mtu akiongoza jezi mbili anavaa njano, ile nyingine inavaliwa na wa pili wa orodha hiyo, lakini pointi zinabaki za mwenyewe. Shoneni saizi tatu za kila jezi, na zipu iwe ndefu hadi chini, maana jukwaani huwa wanavalishwa juu ya nguo zilizolowa. Namba za mgongoni mbili kila mtu, 11 hadi 16 timu ya kwanza, 21 hadi 26 ya pili, hivyo hivyo, ili kamisaa akisikia 43 kwenye redio ajue timu bila kufungua karatasi. Kibali cha CHABATA (Chama cha Baiskeli Tanzania) kiombwe kabla ya barua za polisi na TANROADS, wale watakiuliza kwanza.